Kila nikipima naambiwa taifodi, na sasa wanataka kunichoma sindano za siku saba

BARUA

Shikamoo mzee wa maabara,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 32, naishi Kayenze huku Ilemela. Kazi yangu ni dagaa. Napokea mitumbwi ikirudi alfajiri, naanika, nafunga magunia na kuwauzia wanaopeleka Kirumba Mwaloni. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa hao hao.

Tangu mwaka jana mwili wangu hauko sawa. Usiku nalala vizuri lakini naamka nimechoka. Tumbo linanisokota, mara naharisha, mara nakaa wiki nzima sina tatizo, halafu linaanza upya. Mara kadhaa nimeona damu kwenye choo nikajifariji kuwa ni pilipili. Homa nayo inakuja jioni moja moja, si kila siku.

Nimeshakwenda zahanati ya jirani mara tatu. Kila nikipima majibu ni yale yale: malaria hakuna, taifodi ipo. Karatasi zote tatu ninazo, zote zimeandikwa O 1:160 na H 1:80. Mara ya kwanza nilipewa sipro, nikapata nafuu. Ya pili sipro tena na flajili. Ya tatu wakasema nina UTI pia, nikachomwa sindano za masaa. Sindano zilipoisha wakaniambia taifodi yangu imekuwa sugu, imeshaingia kwenye damu, inataka sindano za mshipa siku saba pamoja na dripu, jumla elfu tisini na tano. Mzee, huu ni wakati wa mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, mtumbwi umepandishwa mchangani, hiyo elfu tisini na tano naitoa wapi? Nimeanza kutafuta mtu wa kunikopesha.

Jirani yangu ananiambia niachane na zahanati ninywe maji ya majani ya mpapai. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu na mwanamke mwenzangu wa pale mwaloni.

Halafu kuna mtoto wangu mdogo, ana miaka minne. Mikono myembamba lakini tumbo liko mbele. Nimempa dawa ya minyoo, tumbo liko pale pale. Kaka yake wa miaka tisa walimpa vidonge vya kichocho shuleni, akatapika siku nzima, nikamwambia mwalimu wasimpe tena.

La mwisho nalisema kwa aibu. Mume wangu ametenga sahani yangu na kikombe changu. Anasema taifodi inaambukiza. Kwa kweli imeniuma kuliko sindano.

Naomba unisaidie: je, taifodi ikishaingia mwilini haitoki? Na nichomwe hizo sindano au nisichomwe?

Ni mimi, Mama wa Dagaa.

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na sindano maana ndizo zina haraka. Usikope hizo pesa. Karatasi uliyonielezea haitoshi kumchoma mtu sindano za siku saba, wala haitoshi kumwambia kwa uhakika kwamba ana taifodi. Sisemi huumwi. Mtu anayechoka mwaka mzima na kuona damu kwenye choo anaumwa, na pilipili haina kosa hapo. Ninachosema ni kwamba bado hakuna aliyekitafuta unachoumwa.

Ila kabla hujaendelea kusoma: ukitapika damu, ukipata choo cheusi cha kunata, tumbo likikaza na kuuma hata likiguswa, homa ikipanda na kukaa siku tatu bila kushuka, au ukianza kuweweseka, usisubiri ushauri wa mtu yeyote, mimi nikiwemo. Nenda hospitali usiku huo huo.

Sasa tuje kwenye karatasi zako. Mimi nimeanza kazi ya maabara enzi za hadubini za kioo, zile unazozielekezea dirishani kukinga mwanga wa jua, na kipimo ulichopimwa nakijua vizuri. Kinaitwa Widal, jina la daktari Mfaransa, Georges-Fernand Widal, aliyekieleza mwaka 1896. Kwenye zahanati nyingi kinafanyika hivi: damu yako inazungushwa kwenye mashine mpaka majimaji yake yajitenge juu. Tone la majimaji hayo linawekwa kwenye kadi nyeupe, linachanganywa na tone la kitendanishi, cha bluu kwa O, yaani mwili wa bakteria, na chekundu kwa H, yaani vimkia vyake. Ndani ya kitendanishi mna bakteria wa taifodi waliokwisha kuuawa na kutiwa rangi. Kadi inazungushwazungushwa mkononi kwa dakika moja, mpimaji anaangalia kama ile rangi imegandamana vipunje vipunje. Ikigandamana anarudia kwa kiasi kidogo zaidi cha majimaji yako, na kidogo zaidi, mpaka vipunje visionekane.

Kwa hiyo 1:160 maana yake ni kwamba hata majimaji yalipokuwa machache kiasi hicho, vipunje bado vilionekana. Basi. Si idadi ya wadudu walioko mwilini, wala haisemi ugonjwa umekuwa mkali kiasi gani. Watu hunisimamisha njiani, "Mzee, mimi taifodi yangu ni mia na sitini," wanaitaja kama wanavyotaja presha.

Na ile dakika ni moja kweli. Nimeona kijana anaacha kadi mezani, anapokea mgonjwa mwingine, anajibu simu, akirudi tone limeanza kukauka pembeni na limejifanyia vipunje lenyewe. Navyo vinaandikwa 1:160.

Lakini tuseme waliokupima walikuwa makini. Bado kinachoonekana kwenye ile kadi si bakteria. Ni kingamwili, yaani kinga ambayo mwili wako uliwahi kuitengeneza ulipokutana na bakteria huyo au ndugu zake. Hizo ni nyayo za kiboko mchangani: zinakuambia alipita, hazikuambii kama ni jana au mwaka jana, wala kama bado yumo kwenye matete. Kingamwili hizo zinaweza kukaa kwenye damu miezi mingi baada ya mtu kupona. Bakteria wengine wa ukoo wa Salmonella, anamotoka huyu wa taifodi, huweza kuzileta. Malaria huweza kuvuruga majibu. Chanjo ya taifodi nayo vilevile. Huku kwetu, kwa maji tunayokunywa na malaria tunazougua, ukiwapima watu wazima wenye afya zao pale mwaloni, usishangae ukipata wenye 1:80 na 1:160 huku wamejitwika magunia.

Kipimo hiki kingekuwa na uzito zaidi kama wangekupima mara mbili, wiki moja hadi mbili katikati, ikaonekana kiwango kimepanda mara nne au zaidi. Wewe vyeti vyako vitatu, vya nyakati tatu, na dawa tofauti katikati, vinasoma namba ile ile. Mimi nikikiona kitu kama hicho nasema hizi ni kingamwili za zamani, ugonjwa wa leo tuutafute kwingine. Wao wamesema ni taifodi sugu. Hapo ndipo tunapotofautiana.

Kinachomnasa bakteria mwenyewe ni kuotesha damu. Damu inatiwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, inawekwa kwenye joto, inachunguzwa kwa siku kadhaa. Akiota, maabara inakuambia hata ni dawa gani itamuua. Hospitali kubwa kama Bugando wanafanya kazi hiyo. Nacho si malaika, huwakosa wagonjwa wengi, hasa mtu akiwa ameshameza sipro, ndiyo maana damu hutolewa kabla ya dawa.

Umeniuliza kama taifodi ikishaingia haitoki. Inatoka. Hilo neno kwamba "imeshaingia kwenye damu" lisikutishe, kwa sababu taifodi ya kweli huingia kwenye damu tangu mwanzo. Wiki ya kwanza ndipo bakteria hupatikana humo kwa urahisi zaidi. Haingoji mwaka. Tena haimwachi mtu akaendelea kufunga magunia. Homa inapanda siku hadi siku, kichwa kinauma, chakula hakipiti, tumbo linafunga au linaharisha, na mtu asipotibiwa, kufikia wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka. Wakifika hapo ni kisu, na si wote wanaoamka. Wako wachache ambao homa hurudi wiki chache baada ya dawa, na wako wanaobaki na bakteria kwenye nyongo, lakini hawa wa nyongo kwa kawaida hawaumwi. Mimi naiogopa taifodi pengine kuliko unavyoiogopa wewe, ndiyo maana sipendi jina lake libandikwe kila anayeumwa tumbo.

Utasema: mbona sipro zilinipa nafuu? Sipro huua bakteria wa aina nyingi wa tumboni, na homa nyingine huondoka zenyewe ukiwa unameza chochote. Nafuu haithibitishi jina la ugonjwa. Lakini kila dozi isiyo na sababu inawazoesha bakteria dawa, na siku ukiihitaji kweli itakuangusha. Tena sipro inaweza kuumiza kano, hasa ile ya juu ya kisigino, na wewe ni mtu wa kubeba mizigo. Ile UTI siisemei sana: mkojo uliokingwa bila kujisafisha na bila kuacha ule wa kwanza upite huonyesha uchafu wa kila aina, na uchafu huo huandikwa UTI. Kama hukuwa na maumivu ya kukojoa wala kwenda haja kila mara, iweke pembeni.

Sasa mimi nina swali ambalo naona hakuna aliyekuuliza katika safari zako zote tatu. Ukipokea dagaa, unasimama wapi?

Naijua kazi hiyo. Mtumbwi haufiki mchangani ukiwa na mzigo, unaufuata majini. Maji ya magotini, wengine ya kiunoni, asubuhi jua linaanza kupanda, beseni kichwani, mara mbili mara tatu kwenda na kurudi. Baada ya hapo unaosha mabeseni pale pale pembeni, unafua, mtoto mdogo yuko karibu anachezea maji. Hayo maji ya ukingoni, yenye matete na majani, ndiyo makazi ya konokono wadogo wanaobeba kichocho. Mtu mwenye kichocho akijisaidia ufukweni, au choo kikifurika mvua ikanyesha, mayai yanaingia ziwani, yanaanguliwa, vijidudu vinamtafuta konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo anaachia maelfu ya vijidudu vipya majini, hasa jua likiwa kali, kuanzia asubuhi ya saa nne hadi alasiri. Vinatoboa ngozi nzima, isiyo na kidonda. Unaweza kuwashwa kidogo ukadhani ni mbu.

Ndani ya mwili vinakuwa minyoo, dume na jike, wanakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo miaka mitatu hadi kumi, wengine zaidi. Watu wengi wakisikia kichocho wanafikiri kukojoa damu. Hicho ni kichocho cha mkojo, na kwa kanda yetu kinasumbua zaidi kule ndani, kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga. Cha ufukweni kwetu ni cha matumbo: tumbo kusokota, kuharisha kwa vipindi, damu kwenye choo, uchovu, damu kupungua. Soma tena barua yako.

Hatari yake si minyoo, ni mayai. Jike hutaga kila siku. Mayai mengine hutoka na choo, mengine hukwama kwenye ini na kuacha makovu. Miaka ikipita ini linakuwa gumu, bandama linavimba, damu inatafuta njia nyingine ya kupita, mishipa ya koo la chakula inatuna, na siku moja inapasuka. Wagonjwa wanaofika hospitali za Mwanza wakitapika damu, kichocho ni sababu kubwa miongoni mwao. Hao nao huko nyuma walichoka, wakaharisha, wakaambiwa hiki na kile.

Hata hivyo nisije nikafanya kile kile ninachowalaumu wengine, kukuandikia ugonjwa bila kipimo. Damu kwenye choo inaweza kuwa amiba, inaweza kuwa bawasiri au kidonda cha utumbo. Uchovu unaweza kuwa safura, upungufu wa damu wa hedhi, sukari, kifua kikuu, VVU, au mimba changa usiyoijua. Kwa hiyo nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, si lazima uanzie Bugando, na usiwaambie "nina taifodi sugu". Ukiingia na jina la ugonjwa mdomoni, wengi watakupimia jina hilo hilo. Waeleze dalili ulivyonieleza mimi, halafu ongeza sentensi moja: "Nafanya kazi ndani ya maji ya ziwa, naomba nipimwe choo cha kichocho." Wapime na wingi wa damu, sukari, VVU na mimba. Daktari akibonyeza tumbo akakuta ini au bandama limekua, ataomba altrasaundi.

Kwenye kupima choo nakuomba uwe msumbufu kidogo. Kuna kile cha haraka, kijiti kinachovya choo, kinapaka kwenye kioo na tone la maji, mpimaji anachungulia, anaandika hakuna. Kama mayai ni machache, hapo yanapotea. Njia inayofaa inaitwa Kato-Katz. Choo kinasukumwa kwenye kichujio, kinajazwa kwenye tundu dogo linalobeba miligramu 41.7, kinafunikwa kwa karatasi ya plastiki iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani. Unaacha choo kiwe angavu, kisha unapitisha kioo chote taratibu, mstari kwa mstari. Yai la kichocho cha matumbo ni refu, la manjano iliyofifia, na ubavuni lina mwiba mmoja mkubwa. Ukishaliona mara moja hulisahau. Unayahesabu, unazidisha kwa 24, unapata mayai katika gramu moja ya choo. Na kwa kuwa hayatoki sawasawa kila siku, peleka choo cha siku mbili au tatu tofauti. Kipo pia kipimo cha haraka cha mkojo kinachonasa kichocho cha matumbo, hakipo kila mahali, ila uliza.

Yakionekana, dawa ni prazikwanteli. Inapimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, kwa kawaida mara moja tu. Linganisha na dripu za wiki nzima. Mweleze tabibu kama unanyonyesha au una mimba. Kunyonyesha hakuzuii, na mwenye mimba hutibiwa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kula kwanza ushibe, ugali na kitoweo. Utaweza kupata kizunguzungu, tumbo kukata, kichefuchefu, na mwenye minyoo mingi ndiye huumia zaidi siku hiyo. Kesho yake huwa yameisha. Dawa hii inaua minyoo mikubwa, ile michanga iliyoingia juzi inapona, kwa hiyo rudi kupimwa baada ya miezi miwili hivi. Na kama vipimo vyote vya choo vitakuwa safi na damu bado inaonekana, usikubali kurudishwa kwenye sipro. Omba rufaa ya kuangaliwa utumbo kwa kamera.

Hapa kuna jambo ambalo hata matabibu wengine hawalikumbuki. Bakteria wa ukoo wa Salmonella wakimpata mtu mwenye kichocho, wanaweza kujishikiza kwenye minyoo ile na kujificha hapo. Unameza antibiotiki, homa inashuka, dawa ikiisha wanatoka tena. Watu wa namna hiyo hupata homa ya kurudiarudia miezi na miezi, na hawaponi mpaka minyoo iuawe. Kwa hiyo hata kama ikitokea kweli mna Salmonella kwenye damu yako, na damu ikioteshwa itajulikana, sindano za siku saba peke yake bila prazikwanteli zingekupa nafuu nyingine ya wiki chache.

Mtoto mdogo ndiye anayenipa wasiwasi kuliko wewe. Tumbo mbele na mikono myembamba inaweza kuwa lishe, malaria za mara kwa mara, ini au bandama, na hiyo dawa ya minyoo uliyompa haigusi kichocho. Wa miaka minne hajaingia shule, kwa hiyo kingatiba inayogawiwa shuleni inampita, lakini ziwa halimpiti. Hata kuogeshwa kwenye beseni kwa maji yaliyotekwa mchana huo huo kunatosha kumwambukiza. Zamani watoto wa umri wake waliachwa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri watibiwe kuanzia miaka miwili, na 2024 liliidhinisha kidonge maalumu cha watoto wadogo. Kisipokuwepo, kile cha wakubwa husagwa na kuchanganywa na kitu kitamu, kwa kipimo cha tabibu, si cha jikoni. Mpeleke siku hiyo hiyo unayokwenda wewe, apimwe uzito, wingi wa damu, malaria na choo, na tumbo lake libonyezwe na mtu anayejua.

Yule wa miaka tisa, rudi kwa mwalimu ukafute ulilosema. Nina hakika alimeza vile vidonge na njaa, vichungu vile, kisha akasimama juani. Siku ya kingatiba mpe uji mzito na kiporo kabla hajatoka.

Majani ya mpapai hayaui minyoo iliyo kwenye mishipa ya damu. Na mama mkwe usibishane naye, mwambie tu mzee wa maabara ameomba choo kwanza, mengine yatafuata.

Kuhusu maji, sitakuambia uache kuingia ziwani wakati ndiyo ofisi yako. Mabuti marefu yanasaidia kama yanapatikana. Ya kuoga na kumwogesha mtoto, teka, weka kwenye pipa lenye kifuniko, yaache siku mbili: vile vijidudu vikikosa mtu wa kuingia hufa vyenyewe ndani ya siku moja au mbili. Hakikisha tu konokono hawamo. Lakini hayo ni ya kuoga. Bakteria wa taifodi na wa kipindupindu hawafi kwa kukaa pipani, ya kunywa chemsha au tia dawa ya maji. Kufua mkiweza fueni nyumbani, na mkishindwa, fueni mapema kabla jua halijawa kali.

Sasa baba watoto na sahani zake. Kichocho hakiambukizwi kwa sahani, kikombe, kitanda wala kulala pamoja. Lazima kipitie kwa konokono kwanza. Taifodi kweli huambukiza, lakini njia yake ni choo kwenda mdomoni kupitia mikono na maji. Mwanzoni mwa karne iliyopita mpishi mmoja wa New York, Mary Mallon, aliambukiza familia alizopikia huku mwenyewe haumwi, na chanzo kilikuwa mikono yake ndani ya chakula. Kwa hiyo hata ungekuwa na taifodi, sabuni baada ya choo na kabla ya kupika ingemlinda mumeo, kutenga sahani kusingemlinda huku anakula ugali uliousonga wewe. Msomee aya hii.

Kisha mwambie na yeye akapimwe. Anayesukuma mtumbwi kila jioni na kuuvuta kila alfajiri amekaa kwenye maji yale yale, tena akiwa na minyoo na kujisaidia ufukweni ndiye anayewalisha konokono wanaokurudishia wewe. Najua atasema hana muda. Umesema mwenyewe kuwa sasa ni mbalamwezi na mtumbwi uko mchangani. Nendeni wote wanne kabla giza halijarudi, mchukue na vyeti vitatu vya zamani, mfike asubuhi mapema na choo cha siku hiyo kwenye kopo safi lenye mfuniko.